Nani Kakwambia Biti Yako Mbovu?

Vijana wanaojifunza kutengeneza muziki hawalalamikii tena vifaa kama walivyolalamika kaka zao. Laptopu ya mtumba, hedifoni na bando la intaneti vinatosha kuanzia, na masomo yamejaa YouTube bure. Wanayemlalamikia siku hizi ni mtu mmoja tu, naye ni wao wenyewe. Folda imejaa biti zilizoanzwa zikaachwa njiani, na zile chache zilizomalizika hakuna aliyezisikia. Ukiuliza kulikoni, jibu ni lilelile: "Bado sijawa vizuri."

Jibu hilo nimeona lijadiliwe. Nimewakalisha pamoja watu watatu niliowatunga mwenyewe, ingawa hoja zao unaweza kuzisikia nje ya studio yoyote pale wasanii wanapongoja zamu. Dogo anajifundisha FL Studio katika chumba cha kupanga, Dar es Salaam. Fundi ni mzee wa mitambo, wa tangu enzi za kanda na bendi kubwa. Dada ni mwimbaji anayelipia studio kwa fedha yake, kwa hiyo ndiye mwenye haraka kuliko wenzake. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

DOGO: Shikamoo mzee. Naomba nianze mimi. Usiku nikitengeneza biti naiona kali. Asubuhi nikiisikiliza, takataka. Halafu naweka "Tetema" ya Rayvanny na Diamond, ile aliyoigonga S2Kizzy mwaka 2019, narudi kwenye yangu, nazima kompyuta. Sasa watu wanakuja kuniambia nijiamini. Nijiamini kwa lipi?

FUNDI: Marahaba mwanangu. Moyo wako tutaufikia, lakini tuanze na masikio. "Tetema" uliisikiliza kwa sauti gani, na yako kwa sauti gani?

DOGO: Sawasawa. Sikugusa kitufe.

FUNDI: Hapo ndipo ulipojipunja. Wimbo uliokwisha kwenda sokoni umefanyiwa miksi, umefanyiwa masta, umekandamizwa ukainuliwa juu kadiri inavyowezekana. Wa kwako ni mbichi, uko chini kwa desibeli kadhaa. Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell kule Marekani, walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi nyingi na sehemu ya zile sauti nyembamba za juu. Ukipandisha kidogo tu, besi inanenepa, matoazi yanang'aa, nawe unaapa kwamba wimbo wenyewe ni bora. Umewapima urefu watu wawili, mmoja kasimama juu ya stuli. Ishushe "Tetema" mpaka zilingane kwa sikio, ndipo uhukumu. Hata Spotify huzivuta nyimbo zote kuelekea kiwango kimoja cha ukubwa wa sauti, LUFS -14, kusudi msikilizaji asishtuliwe kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine. Wewe chumbani kwako hukujitendea hata hilo.

DOGO: Kwa hiyo nikizilinganisha, yangu itakuwa nzuri?

FUNDI: Hapana. Itakuwa mbovu kwa kiasi chake halisi.

Hapa nakaa upande wa mzee, na nitaongeza jambo lake ambalo hakulimalizia. Chumba chenyewe kinadanganya. Kuta za tofali tupu na pembe nne husababisha besi ijikusanye sehemu moja na kupotea nyingine. Ukisogeza kiti hatua moja, wimbo unabadilika. Kijana anayetumia spika amekaa mahali ambapo besi inavimba, anaipunguza, kesho yake anausikia wimbo ndani ya daladala umekonda kama si wake. Anahitimisha kwamba hana kipaji. Godoro lililosimamishwa nyuma yake na mapazia mazito yangepunguza mwangwi, na hilo ni jambo la maana kwenye kurekodi sauti, ila besi haiogopi godoro. Dawa yake ni kuusikiliza wimbo mahali pengi: hedifoni, simu, spika ya jirani, gari la rafiki. Hakuna katika hayo linalohitaji ushujaa wa moyo.

DADA: Mzee, samahani nikukatize. Unamfanya aamini kwamba yote haya ni mambo ya mitambo. Mimi nimerekodi na watayarishaji wa umri wake, na tatizo lao naliona usoni kabla sijavaa hedifoni. Naingia, naimba ubeti, natoka. Yeye anatazama skrini, anakuna kichwa, ananiuliza: "Sijui, dada, wewe unaonaje?" Mimi nimetoa hela ili yeye anionee! Mara ya pili naimba kwa kujizuia. Mara ya tatu naanza kuuogopa wimbo nilioutunga mwenyewe. Hofu yake inakuja kukaa kooni mwangu, nami ndiye ninayelipa.

DOGO: Ulitaka nidanganye, dada? Niseme "kali hiyo" na wakati sina hakika?

DADA: Sikutaka sifa. Nilitaka useme "rudia mstari wa tatu, pumzi imekatika kabla ya neno la mwisho". Kusema hivyo hakuhitaji ujiamini. Kunahitaji uwe umesikiliza.

FUNDI: Binti kanena. Ukisema "biti hii mbovu" hapo hakuna kazi ya kufanya, kuna kilio tu. Ukisema "kiki ya dramu na besi vinagombea nafasi moja", tayari unajua mkono uende wapi. Unapunguza sauti za chini za kimojawapo, au unaisogeza besi isiangukie palepale kiki inapopiga. Mashaka yasiyotaja chombo hayana faida kwangu.

DOGO: Ni rahisi kusema. Lakini nimesoma kwamba hali yangu ina jina. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliieleza mwaka 1978. Mtu anajiona tapeli, anangoja siku ya kuumbuliwa, hata kama kazi yake ni nzuri. Ndivyo ninavyojisikia kila nikijiita prodyuza.

FUNDI: Waliwachunguza watu gani?

DOGO: Wanawake waliofanikiwa. Wasomi, wenye shahada, wenye kazi za maana.

FUNDI: Basi si wewe.

DOGO: Mzee!

FUNDI: Usinune. Wale wanawake walikuwa na ushahidi mezani, shahada na kazi, na bado nafsi zao ziliukataa. Wewe ushahidi wako bado haujafika. Unasema hujui kupanga miksi kwa sababu kweli hujui bado kupanga miksi. Hayo si maradhi, mwanangu. Ni taarifa sahihi.

Maneno hayo ni makali, na nilifikiri kuyalainisha. Nimeyaacha kwa sababu kumwambia mwanafunzi kwamba ni mwanafunzi kunamwondolea mzigo mkubwa. Anayejidhania tapeli anapaswa kujificha. Mwanafunzi hana cha kuficha. Tena lipo jambo linalowapata wanaojifunza sanaa karibu zote, nalo kwenye muziki ni kali zaidi: masikio yamelelewa tangu utotoni kwa nyimbo zilizotengenezwa na mabingwa, lakini mikono ina miezi michache. Masikio yanatangulia. Kijana anayesikia kwamba biti yake haijafika, anasikia vizuri. Wa kuhofiwa ni yule asiyesikia tofauti yoyote.

DADA: Sawa, anasikia vizuri. Lakini anasikia peke yake. Hapo ndipo pabaya. Amejifungia na hedifoni, yeye ndiye mtunzi, mpigaji, mhandisi, msikilizaji na hakimu. Kesi gani hiyo?

FUNDI: Zamani haikuwa hivyo. Bendi ilikuwa inapiga wimbo mpya ukumbini wiki nyingi kabla ya kwenda kuurekodi Radio Tanzania. Wacheza dansi walipiga kura kwa miguu: wimbo ukidorora, watu wanarudi kwenye viti na bia zao. Kiongozi wa bendi anabadilisha chemko, ile sehemu ya kuchezesha watu, anaongeza tarumbeta, anafupisha maneno. Siku mnaposimama mbele ya maikrofoni za redio, bendi nzima mkipiga kwa pamoja, swali la kama wimbo ni mzuri lilikwisha kujibiwa na watu wengine. Wasiwasi tulikuwa nao, ila ulikuwa wa kukosea noti.

DADA: Mzee, usituimbie enzi. Redio hiyohiyo iliyakagua maneno ya nyimbo kabla ya kuzirekodi, na asiye na bendi alikuwa hana pa kuingilia. Mimi na daftari langu la nyimbo ningegonga mlango gani? Halafu, kwa heshima zote, walipokuja watayarishaji kina P-Funk Majani na Bongo Records yake, na Master J na MJ Records, wazee wa bendi mlisema nini kuhusu muziki wa vijana?

FUNDI: Tulisema uhuni.

DADA: Mnaona! Sasa huyu dogo akikuletea biti wewe umhukumie, atajuaje kwamba husemi uhuni tena?

FUNDI: Hatajua. Ndiyo maana asiniletee mimi kuniuliza kama vijana watacheza. Aniletee kuniuliza kama besi inasikika kwenye spika ndogo, au sauti ya mwimbaji inazama kwenye kiitikio. Hayo nayajua. Kuhusu kucheza, aulize miguu ya rika lake.

Hoja hii ya Dada ndiyo iliyonifanya niandike. Ushauri wa kawaida kwa mtayarishaji chipukizi ni "usisikilize watu" au "sikiliza watu", na yote mawili hayamsaidii, kwa sababu hayasemi watu gani na kuhusu nini. Tazama singeli. Muziki huu umetoka kwenye mitaa kama Manzese, Tandale na Mbagala, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha. Vijana walichukua vipande vya taarabu wakavikimbiza kwa kompyuta hadi mapigo yakapita 200 kwa dakika, wakati mwingine yakikaribia 300. Kwa masikio ya mhandisi aliyesomea, kasi hiyo ni kosa la mashine. Lakini pale mtaani mwenye biti hakuwa anangoja maoni ya mhandisi. Alikuwa anaona vumbi likitimka mbele yake usiku uleule. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko "Sounds of Sisso", kazi za studio ya Sisso iliyopo Mburahati, na kutoka hapo singeli ikaanza kupigwa kwenye matamasha ya Ulaya. Sifa za Ulaya zilikuja baada ya hukumu ya Mburahati.

DOGO: Mtaa nao unacheka, mwandishi. Niliweka biti yangu kwenye grupu la WhatsApp. Wakamwaga vicheko. Mmoja akauliza kama ni mlio wa simu.

DADA: Ukamjibu nini?

DOGO: Nilijitoa kwenye grupu.

FUNDI: Ah! Alikupa dawa ukaimwaga. Mlio wa simu ni nini? Ni kipande kifupi cha muziki kinachojirudia bila kubadilika. Alikuwa anakwambia kwamba umetengeneza lupu ya sekunde nane ukaiburuza dakika tatu. Toa dramu kwenye ubeti wa kwanza, acha kinanda na sauti peke yake, rudisha kiki kwenye kiitikio. Kicheko kimekwisha.

DADA: Na mlio wa simu watu wanaukumbuka. Mimi ningeuchukua.

DOGO: Kuna jingine linalonisumbua. Sauti ninazotumia zote zimo ndani ya programu. Sijazitengeneza mimi. Najiona kama nimeazima nguo.

DADA: Ile besi ya amapiano inayogonga kama gogo unaijua?

DOGO: Nani asiyeijua.

DADA: Ilitoka kwenye kinanda kilichomo ndani ya hiyohiyo FL Studio yako, Fruity DX10. Kilikuwemo humo kwa kila mtu. Wasauzi wakakipiga kwa namna yao, leo kila ngoma ya Bongo inakitaka. Unaona aibu ya nguo walizovaa wao wakaenda nazo ulimwenguni?

FUNDI: Hata mashine ya dramu ya Roland, TR-808, ilitengenezwa tangu mwaka 1980 mpaka 1983 tu, kama 12,000 hivi, kisha kampuni ikaacha. Wengi waliidharau kwa kuwa haikulia kama dramu za kweli. Ikauzwa mtumba kwa bei ya chini, vijana wa Marekani wasio na fedha wakaichukua, na leo ule mvumo wake wa chini ndio uti wa hip-hop. Lakini, kijana, nisikilize vizuri: si kila sauti mbaya ni 808 inayongoja wakati wake. Nyingine ni mbaya tu.

Afadhali kasema yeye. Hadithi ya kifaa kilichodharauliwa kikaja kutukuzwa imetumika mno kuwabembeleza watu. Inamwachia chipukizi njia ya kutobadilisha chochote, akisubiri dunia imwelewe. Waliofanikiwa na 808 walikaa nayo, wakaijua, wakaibana mpaka ikatoa kile walichotaka.

DOGO: Basi nimalizie lililobaki, maana ndilo kubwa. Simalizi. Nikikaribia mwisho naona kasoro nyingine, narudi. Halafu nasikia hata wakubwa walifanya hivyo. Bruce Swedien, aliyefanya miksi ya "Billie Jean" ya Michael Jackson, alieleza kwamba alifikisha miksi 91. Sasa mimi nikirudia mara kumi mnaniita mwoga?

FUNDI: Na kati ya hizo 91, ipi iliyoingia kwenye albamu ya "Thriller" mwaka 1982?

DOGO: Ya... ya pili.

DADA: (anacheka) Ya pili!

FUNDI: Usicheke sana binti, kuna la kujifunza hapo kuliko kicheko. Swedien hakuwa mwoga, alikuwa bingwa, na bado akapotelea humo. Masikio yanachoka. Ukiusikiliza wimbo mmoja tangu asubuhi hadi usiku, unaacha kuusikia, unabaki kusikia mabadiliko yako. Aliyesema turudi tuisikilize ile ya pili ni Quincy Jones, mtayarishaji wa albamu ile. Swedien peke yake labda angekwenda kwenye ya 92. Huyu dogo hana Quincy. Ndicho anachokikosa, si kujiamini.

DADA: Quincy wa bei nafuu yupo. Anaitwa tarehe. Mimi nikikwambia wimbo utoke Ijumaa, utatoka Ijumaa.

FUNDI: Tena hiyo FL Studio yako umeinunua?

DOGO: Mzee... ni ya kukopi.

FUNDI: Nilijua. Iondoe kabla haijakuletea virusi, uweke ile ya majaribio ambayo wenyewe wanaitoa bure. Inafanya karibu kila kitu, inakuruhusu kutoa wimbo mzima. Ila ukihifadhi mradi ukafunga, huwezi kuufungua tena mpaka ulipie.

DOGO: Nitafanyaje kazi hivyo?

FUNDI: Utamaliza kabla ya kulala. Utoe faili lako, uende zako. Kesho hutaweza kurudi kukwangua. Ukishalipia, na lipia, maana ukinunua mara moja matoleo yajayo unapewa bure, utakuwa umekwisha zoea kumaliza.

Nakiri kwamba sikutegemea dawa ya mashaka itoke kwenye masharti ya leseni. Lakini naikubali zaidi kuliko nasaha nyingi nilizosoma kuhusu kujipenda. Inamwondolea kijana uwezo wa kurudi nyuma, na uwezo huo wa kurudi nyuma bila gharama ndio ambao waliorekodi kwenye kanda hawakuwa nao.

DADA: Mmemaliza? Maana mimi nina wimbo. Dogo, nitakuja Jumamosi. Bei gani?

DOGO: Dada, wewe toa chochote tu, mimi bado najifunza.

DADA: Hapo ndipo unaponitisha. Mtu akisema "toa chochote", najua akikwama atanikimbia, maana hakuniahidi kitu. Nitajie bei.

DOGO: Elfu thelathini?

DADA: Na ndani yake kuna nini?

DOGO: Biti, kurekodi... na miksi.

FUNDI: Miksi usiiweke. Sema ukweli wa unachokiweza. Biti na kurekodi, elfu thelathini. Miksi ataipeleka kwa mwingine, nawe utakaa pembeni utazame anavyofanya.

DOGO: Na akisema nilirekodi vibaya?

FUNDI: Muulize wapi.

DADA: Nusu nitakutumia leo, nusu Jumamosi nikishasikiliza. Na jina lako liandikwe kwenye wimbo.

DOGO: Jina langu? Tungoje kwanza tuone kama—

DADA: Liandikwe. Ukiharibu nataka watu wajue ni nani.

FUNDI: Na akipatia?

DADA: Akipatia, elfu thelathini hiyo sitaipata tena. Ndiyo maana naharakisha.